Jogoo Huyu Anamwikia Nani?



Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za jogoo wa bati aliyeletwa kanisani kwetu kabla ya Kwaresima. Kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo nitaeleza kwa kifupi. Kijana mmoja wa parokia yetu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikata pipa kuukuu la mafuta akaliunda kuwa jogoo, akampaka rangi ya dhahabu, kisha akamtia kwenye ufito wa chuma apate kuzunguka na upepo. Alikuwa ameona picha za kanisa moja la Ulaya lenye jogoo wa namna hiyo, akatamani mnara wetu mpya wa kengele nao uwe na wake. Kazi yote aliifanya bure.

Katika Halmashauri ya Parokia jambo hili lilizua maneno. Mzee mmoja alisema kwamba jogoo ni mnyama wa waganga, na mtu akimwona juu ya kanisa atadhani sisi nasi tunaagua. Mama mmoja aliyekulia Kenya akasema kwamba yeye akiona jogoo hukumbuka chama cha KANU, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kutawala hadi mwaka 2002, kwa kuwa jogoo ndiye aliyekuwa alama yake. Hakutaka kuingia kanisani akipita chini ya bendera ya chama. Mwingine akauliza kwa nini tuweke kitoweo juu ya nyumba ya Mungu. Tukacheka sana. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba kijana mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango, akisikia yote.

Mpaka ninapoandika haya, jogoo yumo stoo, amefunikwa kwa gunia la mkaa. Padre ameniomba niandike machache, kwa kuwa nilifundisha historia na maarifa ya dini katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Nimekubali. Lakini nilipoanza kupekua vitabu vyangu niliona kwamba swali si la historia peke yake. Swali ni hili: alama ni ya nani? Je, maana yake ni ile aliyoikusudia aliyeiweka, au ni ile inayowajia watu waitazamapo? Na kama kila mtu anaona lake, je, iko maana yoyote tunayoweza kuiita ya kweli?

Kwanza yafaa tukubali kwamba jogoo hakuzaliwa Mkristo. Asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, akaenea polepole pamoja na wanadamu. Waajemi wa kale walimheshimu kuwa ndege wa alfajiri anayefukuza pepo wa usiku, na Wayunani walipompata kwao walimwita ndege wa Uajemi. Wayunani hao walimtoa sadaka kwa Asklepio, mungu wao wa uponyaji. Mwalimu mashuhuri Sokrates, alipokuwa anakufa kwa sumu mjini Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, alimkumbusha rafiki yake Krito kwamba wana deni la jogoo kwa mungu huyo. Ndivyo alivyosimulia Plato, na wenye elimu wanabishana mpaka leo Sokrates alikuwa na maana gani. Kwa hiyo yule mzee wetu aliyetaja waganga hakukosea hata kidogo. Jogoo alikuwa mkononi mwa waganga kabla hajafika mkononi mwa Kanisa.

Wayahudi nao, katika sala zao za asubuhi, humshukuru Mungu aliyempa jogoo akili ya kupambanua usiku na mchana. Na jirani zetu Waislamu wamefundishwa na Mtume wao kwamba wakisikia jogoo akiwika waombe fadhila za Mungu, kwa sababu ndege huyo amemwona malaika. Nataja hayo ili tusidhani kwamba sisi peke yetu ndio tumepata kumsikiliza.

Basi, ndege huyu mwenye maana nyingi tayari ndiye aliyewika katika ua wa Kuhani Mkuu usiku ule aliokamatwa Bwana wetu. Wainjilisti wote wanne wameandika habari hii, na si habari nyingi walizoandika wote wanne. Marko anasema jogoo aliwika mara mbili. Vijana wetu wanaotazama saa ya simu huona jambo hilo kuwa dogo, lakini sisi tuliolelewa vijijini, ambao wazazi wetu walihesabu jogoo wa kwanza na jogoo wa pili, twaelewa vizuri sana. Jogoo wa kwanza huwika usiku ungali mzito, mtu akaweza kujigeuza na kulala tena. Maana yake ni kwamba Petro alionywa mara moja, akajigeuza.

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Katika ua ule walikuwamo watu wengi. Palikuwa na askari, palikuwa na watumishi waliokuwa wakiota moto wa makaa, palikuwa na yule kijakazi aliyemtambua Petro. Wote walisikia jogoo akiwika, maana sauti ya jogoo haichagui masikio. Kwa askari ilikuwa ni habari njema kwamba zamu inakaribia kwisha. Kwa kijakazi ilikuwa ni kazi: kumekucha, maji hayajatekwa. Mtu mmoja tu alitoka nje akalia kwa uchungu. Jogoo hakuwa amesema neno jipya. Alifanya kazi yake kama alivyofanya jana na juzi. Wala Petro hakujitungia maana kichwani mwake kama mtu anayeota. Alikuwa ameambiwa mapema, tena amelitenda lile aliloambiwa. Maneno ya Bwana na tendo la Petro vilipokutana, ndipo sauti ya kuku ikawa hukumu. Na Luka anaongeza kwamba wakati ule ule Bwana aligeuka akamtazama.

Ninaona kwamba hapo ndipo lilipo jibu la swali letu, au sehemu yake kubwa. Maana ya jogoo wa Kikristo haimo ndani ya jogoo, wala haimo katika wingi wa watu wanaomsikia. Imo kati yake na yule mtu ambaye habari inamhusu. Mwingine aweza kuieleza vizuri, kama nilivyoieleza mimi darasani kwa miaka mingi, asiipate.

Wakristo wa zamani walilijua jambo hili. Katika karne ya 4, Wakristo wa Roma waliokuwa na uwezo walizika wafu wao katika majeneza ya mawe yenye sanamu za kuchongwa, na moja ya sanamu walizozipenda ni Bwana Yesu akisema na Petro, na jogoo amesimama karibu nao. Hebu fikirini. Mtu amefiwa na baba yake, naye anaagiza kaburi lichongwe kosa la mtume! Sisi leo tungetaka malaika, au maua. Nadhani sababu ni hii: katika mateso ya karne iliyotangulia, na katika yale makubwa yaliyoanza mwaka 303 chini ya Kaisari Diokletiano, Wakristo wengi walimkana Bwana ili waokoe maisha yao. Baadaye wakarudi wakibisha mlango. Wengine wakasema wasipokewe, na ugomvi huo uligawa Kanisa la Roma wakati wa Novatiano mwaka 251, kisha ukagawa Kanisa la Afrika Kaskazini kwa ugomvi wa Wadonato, kwa muda mrefu mno. Mahali penye jeraha kama hilo, sanamu ya Petro na jogoo haikuwa pambo. Ilimwambia aliyeanguka kwamba aliyeanguka wa kwanza ndiye aliyekabidhiwa kondoo.

Askofu Ambrosi wa Milano, aliyefariki mwaka 397, alitunga wimbo wa alfajiri ambamo jogoo na machozi ya Petro huenda pamoja. Miaka mia mbili baadaye Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa tangu mwaka 590 hadi 604, ndiye yule yule aliyemtuma Agostino kwenda kuwahubiri Waingereza, na kwa hiyo sisi Waanglikana tuna undugu naye, alimfananisha jogoo na mhubiri. Katika kitabu chake cha kuwafundisha wachungaji aliona jambo ambalo kila mfuga kuku amekwisha liona. Jogoo kabla hajawika hujipiga kwanza mbavuni kwa mabawa yake mwenyewe. Gregori akasema mhubiri naye ajipige kwanza kwa matendo yake, ndipo awaamshe wengine. Nilikuwa nimefuga kuku tangu utotoni na sikupata kuliangalia jambo hilo mpaka niliposoma habari za Papa huyo. Jaribuni kuwaangalia majogoo wenu kesho asubuhi.

Kutoka hapo jogoo akapanda juu ya paa. Katika mji wa Brescia, Italia, liko jogoo la shaba lililotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 9 kwa amri ya Askofu Ramperto. Wengi humhesabu kuwa mkongwe kuliko majogoo wote wa minara waliosalia, na sasa amehifadhiwa katika makumbusho ya Santa Giulia. Uingereza, mtawa Wulfstan wa Winchester alisifu katika karne ya 10 jogoo wa dhahabu aliyeng'aa juu ya mnara wa kanisa lao. Na katika kile kitambaa kirefu cha Bayeux, kilichodariziwa kuonyesha vita vya mwaka 1066, anaonekana mtu akipanda kuweka jogoo juu ya kanisa la Westminster, kuonyesha kwamba jengo limekwisha karibuni. Kanisa hilo liliwekwa wakfu tarehe 28 Desemba 1065. Kwa hiyo anayesema jogoo si desturi ya Kanisa la Kiingereza hajatazama vizuri.

Lakini ona jinsi mambo yanavyogeuka. Jogoo akiwa juu, anaonekana na mji mzima. Kaburini alionekana na wafiwa tu, na alimhusu yule aliyelala ndani yake. Juu ya mnara anatazama mitaa, masoko, na nyumba za watu wasiokuja kanisani. Ni rahisi sana kwa waliomo ndani kusema: jogoo wetu anawaamsha wale wa nje. Hakuna aliyeamua kwa kura kwamba maana igeuke hivyo. Iligeuka kwa sababu ya mahali alipowekwa.

Kisa cha kunishangaza kuliko vyote kilitokea Boston, Marekani, mwaka 1721. Baadhi ya Wakristo wa kanisa moja lililoitwa New North walikasirika kwa sababu ya mchungaji aliyewekwa pale, jina lake Peter Thacher. Wakaondoka, wakajenga kanisa lao jirani. Kwa mnara wake walimwagiza fundi Shem Drowne awatengenezee jogoo mkubwa wa shaba. Mnaelewa sababu? Mchungaji wa upande wa pili aliitwa Petro! Inasimuliwa kwamba siku ya kumpandisha, mtu mmoja alimkalia jogoo huyo mgongoni akawika mara tatu, akilielekea kanisa la wenzao. Watu wa mji wakaliita kanisa hilo jipya Kanisa la Kisasi.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi na kila mara nimecheka kabla sijaona haya. Watu wale walijua Biblia yao vizuri. Walijua jogoo ni nani na Petro ni nani. Maana waliyoitumia ilikuwa sahihi, ungeweza kuwapa alama zote katika mtihani. Kilichokosekana ni kimoja tu: walisahau kwamba jogoo alimwikia aliyekuwa karibu na moto, akiota, akijiona salama. Wao walimgeuza aelekee kwa jirani. Nyani haoni kundule, wazee walisema. Jogoo yule yupo mpaka leo. Mwaka 1873 aliwekwa juu ya kanisa lingine katika mji wa Cambridge, ng'ambo ya mto, naye hana hatia yoyote.

Kisha liko jambo la upepo. Kwa kuwa jogoo wa mnara huzunguka, watu wa Ulaya wamezoea kumwita mtu kigeugeu kwa jina lake, yaani mwanasiasa anayefuata upepo. Mwalimu wa sayansi yeyote aweza kuwaonyesha kwamba hilo ni kosa. Mkia wa jogoo hufanywa mpana kuliko kichwa. Upepo ukivuma husukuma mkia nyuma, na hivyo kichwa huelekea kule upepo unakotoka. Jogoo hafuati upepo kamwe, huukabili usoni. Askofu Durandus wa Mende, huko Ufaransa, aliyeandika mnamo mwaka 1286 kitabu kikubwa cha kueleza maana ya kila kitu kilicho kanisani, aliliona hilo, akasema mhubiri naye yampasa kuwageukia wenye kiburi na kuwakabili. Maelezo mazuri. Ila mtaona kwamba hata Durandus, mtu mwenye hekima, tayari amemwelekeza jogoo kwa wengine.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Kwa Kilatini neno la jogoo na neno la Mgaliya, yaani mtu wa nchi ile ya kale, ni moja, na mchezo huo wa maneno ukazaa alama ya taifa. Napoleon alimkataa jogoo mwaka 1804 kwa kuwa hana nguvu, akachagua tai. Mwaka 1830 Mfalme Louis-Philippe akamrudisha, akaamuru awekwe katika bendera na vifungo vya askari wa ulinzi wa taifa. Basi mgeni akisimama leo mbele ya kanisa la Kifaransa hajui kama aliye juu ni jogoo wa toba ya Petro au ni jogoo wa fahari ya nchi. Pengine hata padre wa hapo hajui. Yule mama wa Halmashauri aliyetaja KANU alikuwa anasema jambo lile lile lililowapata Wafaransa: alama ikishikwa na dola au chama, hairudi mikononi ikiwa safi.

Picha aliyoiona kijana wetu ni ya kanisa kuu la Notre-Dame, Paris. Jogoo wa kwanza wa mnara ule, uliokamilika mwaka 1859, alikuwa wa shaba, na mwaka 1935 Askofu Mkuu wa Paris alitia ndani yake masalio matakatifu: kipande cha Taji ya Miiba, na masalio ya Mtakatifu Denis na Mtakatifu Genevieve, wasimamizi wa mji. Walimkusudia awe kinga ya Paris dhidi ya radi na misiba. Tarehe 15 Aprili 2019, siku ya Jumatatu ya Juma Kuu, kanisa liliungua na mnara ukaanguka. Kesho yake jogoo aliokotwa kifusini, amepondeka lakini hakuyeyuka. Jogoo mpya, mwenye mabawa kama ndimi za moto, alibarikiwa na kupandishwa tarehe 16 Desemba 2023. Ndani yake walitia masalio yale yale, pamoja na karatasi yenye majina ya watu wapatao 2,000 waliofanya kazi ya kulijenga upya kanisa. Nimependa jambo hilo la majina. Kijana wetu naye alilipenda. Aliniambia ndilo lililomfanya aanze kukata pipa.

Turudi sasa kwa mzee wetu na hofu yake ya waganga, maana sipendi apuuzwe. Ni rahisi kwa mtu wa vitabu kusema kwamba Kanisa lilimbatiza jogoo wa Asklepio, basi litambatiza na huyu. Lakini mtu ambaye mtoto wake aliugua, akauza mbuzi ili anunue jogoo mwekundu wa mganga, na mtoto akafa, hamwoni jogoo kama ninavyomwona mimi. Alama haisafishwi kwa maelezo. Hata msalaba wenyewe, ambao ulikuwa mti wa kuulia wahalifu, Wakristo walikawia sana kuuonyesha ukiwa na Bwana juu yake. Moja ya picha za kwanza za namna hiyo ni ile iliyochongwa kwenye milango ya mbao ya kanisa la Santa Sabina, Roma, iliyotengenezwa mnamo mwaka 432. Yaani walihitaji karne nne.

Na tunao mfano wetu wa nyumbani. Kanisa kuu la Kristo, Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na likajengwa pale pale sokoni. Husimuliwa kwamba altare imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Askofu Steere na wenzake hawakuficha aibu ya mahali pale, bali waliiweka katikati ya Misa. Hilo ni jambo kubwa. Lakini nimewahi kuongoza wanafunzi huko mara nyingi, na nimesikia jinsi sisi wenyewe tunavyoeleza. Mwafrika husema Mwarabu alifanya hivi. Mwingereza husema sisi tulikomesha. Mwarabu hunyamaza, au hutaja mashamba ya Wafaransa. Na wale wa bara waliomkamata jirani yao usiku na kumpeleka pwani hawana msemaji, kwa kuwa wajukuu wao ndio sisi. Kila mmoja anamgeuza jogoo aelekee ng'ambo.

Nimeona haifai niandike hayo yote juu ya wengine nikajiacha nje.

Mwaka 1994, katika chuo kimojawapo nilikofundisha, mkufunzi mwenzangu alisingiziwa kwamba ameuza karatasi za mtihani. Usiku ule uliotajwa alikuwa nyumbani kwangu. Tulisahihisha madaftari pamoja hadi taa ya mafuta ikazimika. Wakubwa walipokuja kufanya uchunguzi waliniuliza kama huyu ni rafiki yangu. Nilikuwa natazamia kupandishwa cheo. Nikajibu kwamba twasalimiana tu, kama wafanyakazi wengine. Hawakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Yeye alikuwa amekaa chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi. Alifukuzwa kazi akarudi kwao kulima.

Sikulia kama Petro. Nilikwenda kufundisha kipindi cha saa mbili. Na kila mwaka kabla ya Pasaka niliendelea kuwafundisha wanachuo habari ya ua wa Kuhani Mkuu, na ubaoni nikaandika kwa chaki, chini ya neno "Funzo," kwamba Petro alikuwa mwoga na sisi tusiwe waoga. Wanachuo wakanakili. Baadhi yao sasa ni walimu wakuu, na nina hakika wanaandika vile vile.

Mwaka 2011 nilifunga safari kwenda kwao kumtafuta. Nikaambiwa amekwisha kufariki, yapata miaka mitatu. Mjane wake hakujua lolote kuhusu jibu langu. Alijua tu kwamba nilikuwa nimefundisha pamoja na marehemu. Akafurahi, akawaita watoto wanisalimu, akawaambia, "Huyu ni baba yenu mdogo, mwenzake baba yenu wa chuoni." Kisha akanichinjia jogoo, kama ilivyo desturi. Nilimla. Sikuwa na ujasiri wa kukataa wala wa kusema, na niliporudi nilimwandikia barua yenye maneno yote. Alijibu kwa mistari michache ambayo ni yangu na yake.

Kwa hiyo msidhani naandika kama mtaalamu wa alama. Tangu siku ile nikisikia jogoo wa pili nikiwa kitandani, sina haja ya kuuliza maana yake ni nini. Majirani zangu husikia jogoo yule yule, wakaamka kwenda shamba, nao wana haki.

Halmashauri itakutana tena Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Nitasema maoni yangu huko, lakini nayaweka hapa ili mtu asiseme nimewashtukiza. Sipendi jogoo apande mnarani. Huko juu atawasumbua wale waliojeruhiwa na waganga, na pia atatupa sisi nafasi ya kuuwikia mji. Napendekeza awekwe ndani, juu ya mlango wa chumba cha mavazi, kichwa kikielekea chumbani, pale tunapopita sisi: Padre, wasomaji wa masomo, wazee wa kanisa, na walimu wastaafu wanaoombwa kuandika makala. Waumini walioketi watauona mkia tu. Na kijana aombwe radhi mbele ya kikao, kwa sababu ya kicheko chetu, na jina lake liandikwe ndani ya jogoo kama walivyofanya Paris.

Nimekwisha kuzungumza naye. Alisikitika kidogo kwamba jogoo wake hatazunguka, maana alihangaika sana na beringi. Amekubali kuukata ufito uwe mfupi. Ila rangi ya dhahabu, amesema, haikwangui.